UZI: Umeambiwa ini lako lina mafuta? Pitia hapa kabla hujanunua dawa ya kusafisha ini

Muuguzi wa Kisiwani:

Assalamu alaikum, na wengine wote hamjambo. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya sukari na presha, hapa hapa Mombasa. Kuna karatasi naiona sana siku hizi. Mtu amekwenda kupigwa picha ya tumbo kwa sababu nyingine kabisa, pengine anashukiwa ana mawe kwenye nyongo. Majibu yanarudi, na chini kabisa pameandikwa kwamba ini lina mafuta, gredi ya 1 au ya 2. Hakuna aliyemkalisha akamweleza. Anatoka pale anawaza saratani, na kabla ya magharibi ameshauziwa chupa ya dawa ya kusafisha ini.

Nataka tulizungumze jambo hili kwa utulivu. Katika magonjwa ninayoyahudumia, huu ni miongoni mwa yale ambayo mgonjwa mwenyewe ana nguvu nayo kubwa, na inaniuma kuona nguvu hiyo inaishia kwenye chupa.

Ini la kawaida huwa na mafuta kidogo sana. Yakizidi asilimia 5, ndipo tunasema ini lina mafuta. Kwa miaka mingi ugonjwa huu uliitwa NAFLD, yaani mafuta ya ini yasiyoletwa na pombe. Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini vya kimataifa viliubadilisha jina, sasa ni MASLD, kwa sababu chanzo chake ni namna mwili unavyotumia sukari na mafuta. Karatasi yako ya zamani ikiwa na jina moja na mpya jina jingine, ugonjwa ni ule ule. Duniani wanakadiriwa kuwa nao watu wazima 3 katika kila 10.

Hutokeaje? Mwili ukianza kutoitikia insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, mafuta yaliyohifadhiwa kiunoni huachiliwa kwenye damu, na mengi huishia kwenye ini. Wakati huo huo ini lenyewe hugeuza sukari ya ziada kuwa mafuta. Sukari tunayotia kwenye chai nusu yake ni fruktosi, na kazi ya kuishughulikia fruktosi huliangukia ini zaidi. Ndiyo sababu ugonjwa huu huandamana na kitambi, kisukari cha aina ya pili, presha na mafuta mengi kwenye damu. Wanawake wenye vifuko vingi kwenye ovari na hedhi isiyotabirika nao wamo hatarini.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Gredi iliyoandikwa kwenye picha inakwambia mafuta ni mengi kiasi gani. Haikwambii ini limeumia kiasi gani. Kinachoamua maisha yako ya mbele ni makovu. Mafuta yakikaa muda mrefu, kwa baadhi ya watu ini huvimba, seli zake hufa, na pale zilipokufa hujengeka kovu. Madaktari huyahesabu makovu kutoka F0, ambapo hakuna kovu, hadi F4, ambapo ini limekuwa gumu na limekunjamana. Mtu anaweza kuwa na gredi ya 3 ya mafuta bila kovu hata moja. Mwingine ana gredi ya 1 na makovu tayari ni F3. Wengi wenye mafuta hawafiki huko kwenye makovu mazito, lakini huwezi kujua uko upande gani kwa kuangalia gredi, wala kwa kusikiliza mwili, kwa sababu ini halilalamiki. Wachache huhisi uchovu, au uzito chini ya mbavu za kulia. Wengi hawahisi lolote.

Basi swali la kumuuliza daktari ni hili: "Nina makovu?" Kuna hesabu ya kuanzia, inaitwa FIB-4, na haihitaji mashine yoyote mpya. Inahitaji umri wako na vipimo vitatu vya damu vya kawaida: AST na ALT, ambavyo ni vimeng'enya vya ini, na idadi ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Unazidisha umri kwa AST. Kando, unazidisha chembe sahani kwa kipeuo cha pili cha ALT, yaani ile namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata ALT. Kisha unagawanya jibu la kwanza kwa la pili.

Mfano: mtu ana miaka 52, AST 38, ALT 49, chembe sahani 240. Juu ni 52 mara 38, yaani 1,976. Chini ni 240 mara 7, yaani 1,680. Jibu ni karibu 1.18. Chini ya 1.3, uwezekano wa makovu mazito ni mdogo. Ikizidi 2.67, muone mtaalamu wa ini bila kuchelewa. Iliyo katikati huhitaji kipimo cha ugumu wa ini, ile mashine ya Fibroscan inayowekwa juu ya mbavu. Haichomi wala haiumi.

Na msidanganyike na ALT peke yake. Iko sawa kwa wengi ambao ini lao lina mafuta, na hata kwa baadhi ya wenye makovu.

Ulizeni, nitajibu nikitoka zamu.

Mke wa Bandarini:

Dada muuguzi, Mungu akulipe. Mume wangu kapatikana na hii. Hajawahi kuonja pombe maishani, lakini mama mkwe tangu asikie "ini" haamini. Anasema mwanawe anakunywa kisirisiri huko kazini. Nyumbani hapakaliki.

Muuguzi wa Kisiwani:

Dadangu, pole sana. Hili la aibu naliona kila mara, na linawafanya watu wafiche karatasi badala ya kutafuta tiba. Mwambie mama mkwe wako kwa heshima, ikiwezekana mume awepo, kwamba ugonjwa huu unawapata watu ambao pombe hawajapata kuinusa. Watoto pia wanaupata. Pombe ina ugonjwa wake wa ini, na ndiyo maana daktari huuliza mapema mtu anakunywa kiasi gani. Kipimo kinachotumika ni gramu 20 za pombe kwa siku kwa mwanamke na 30 kwa mwanamume. Mwenye kuzidisha hapo, iwe ni bia au mnazi, hesabu yake ni nyingine. Kuulizwa si kutuhumiwa.

Kuna kitu kingine mkihakikishe: apimwe homa ya ini B na C. Hapa kwetu hiyo si ya kuruka. Watu wazima wengi hawakupata chanjo ya B utotoni, na mtu anaweza kuwa na virusi na mafuta kwa pamoja. Asiye nacho kirusi cha B achanjwe.

Tuktuk Bamburi:

Hiyo dawa ya kusafisha ini unayoikataa, mimi nimeinunua Kongowea na nimeanza kutumia. Aliyeniuzia anasema ni majani tupu, hayana kemikali. Wewe una ushahidi gani kuwa ni mbaya?

Muuguzi wa Kisiwani:

Kakangu, sijui ndani ya chupa yako mna nini, na hilo ndilo tatizo lenyewe: hata wewe hujui. Ini halihitaji kusafishwa, lenyewe ndilo linalosafisha. Kila unachomeza hulipitia, na majani si salama kwa sababu tu ni majani. Vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa, vile vinavyouzwa kupunguza unene, vimeshaharibu maini ya watu hadi wengine wakahitaji kupandikizwa jingine. Hakuna dawa ya kusafisha iliyothibitishwa kuondoa makovu. Nakuomba uiache, na siku ya kliniki uibebe chupa umwonyeshe daktari. Usiifiche kwa kuogopa kugombezwa.

Dawa za hospitali nazo zitajwe zote. Dawa za jamii ya steroidi zikitumiwa muda mrefu, amiodaroni ya moyo, tamoksifeni na methotreksati zinaweza kuleta mafuta kwenye ini. Usizikatize mwenyewe, ongea na aliyekuandikia.

Kijana Majengo:

Tuambie tule nini basi. Hapa kila mtu akifungua mdomo ni "acha mafuta, acha nazi, acha wali." Tukale mawe?

Muuguzi wa Kisiwani:

Hapana, na swali lako nalipenda, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Anza na unachokunywa. Soda ya kola ina takriban gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 ni gramu 30, zaidi ya vijiko 7 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayokula, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25 kwa siku. Chupa moja imeshapita hapo, na hujanywa chai ya asubuhi, hujala mahamri, hujapita kwenye kaimati za jioni. Juisi ya miwa na ile ya ukwaju iliyojazwa sukari ziko kundi moja na soda. Embe lenyewe, ukilitafuna, halina neno. Nyuzinyuzi zake zinaipunguza kasi sukari. Ningeambiwa nichague badiliko moja tu la kumwomba kila mtu wa mji huu, ningechagua hili la vinywaji. Ni rahisi kuliko kubadilisha mapishi ya nyumba nzima, na halimwachi mtu na njaa.

Kahawa tungu, kunyweni! Watu wanaokunywa kahawa mara kwa mara wameonekana kwenye tafiti nyingi kuwa na makovu machache ya ini. Ile ya kwenye dele, na tangawizi yake, bila sukari, ni kinywaji kizuri kwa ini. Tatizo ni halwa na kashata zinazokuja pamoja nayo.

Wali hatuuachi, tunapunguza kilima. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, mtoriro, majani ya kunde, bamia, kachumbari. Robo iwe wali au sima au chapati, na nikisema "au" namaanisha moja. Pilau, chapati na viazi karai kwenye meza moja ni wanga mara tatu. Robo iliyobaki iwe samaki, kuku, maharage, mbaazi au pojo. Na samaki tunao, jamani. Wa kuchoma au wa mchuzi ni bora kuliko wa kukaanga kwenye mafuta yaliyotumika tangu juzi.

Nazi: mafuta yake ni ya aina inayoganda, na aina hiyo huongeza mafuta ya ini kuliko mafuta ya maji maji kama ya alizeti. Kwa hiyo sikwambii uache samaki wa kupaka maisha yako yote. Nasema wa kila siku upikwe kwa tui jepesi, kasimile, lile tui zito, iwe ya wageni na sikukuu. Mbaazi za nazi na mahamri mawili kila asubuhi, miaka nenda rudi, huku mtu anakaa kwenye kiti kutwa, hapo ndipo mzigo unapojengeka.

Mwembamba:

Mimi nina kilo 58 na nimeambiwa nina mafuta kwenye ini. Nipunguze nini tena?

Muuguzi wa Kisiwani:

Wembamba hauzuii. Wapo wengi ambao mizani haiwashitaki lakini kiuno kinaonyesha. Chukua futi ya fundi cherehani ujipime usawa wa kitovu. Mwanamume akizidi sentimita 94, mwanamke akizidi 80, hapo pana mafuta ya ndani. Pima pia sukari, presha, mafuta ya damu na tezi ya shingo, na umwambie daktari kama kwenu kuna historia ya kisukari. Wewe kazi yako kubwa itakuwa mazoezi na sukari ya vinywaji. Ukipungua kidogo tu, kama kilo 2 au 3, ini hufaidika.

Kwa wenye uzani mkubwa, namba ninazowapa kliniki ni hizi. Mtu wa kilo 90 akipunguza asilimia 5, yaani kilo 4 na nusu, mafuta ya ini huanza kushuka. Akifika kati ya asilimia 7 na 10, uvimbe wa ini hutulia kwa wengi. Akipita asilimia 10, yaani kilo 9, hata makovu yanaweza kurudi nyuma. Nililisoma hili kwenye kozi na nimeliona kwa macho yangu: watu wanarudi na vipimo vilivyobadilika, nyuso zimeng'aa, na mimi siku hiyo narudi nyumbani na furaha.

Lakini iwe taratibu, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Anayejinyima chakula ghafla analiongezea ini mzigo na kujitafutia mawe ya nyongo. Mazoezi yawe dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka kiasi cha kupumua juu juu. Hata uzani usiposhuka, mafuta ya ini hupungua. Bustani ya Mama Ngina pale ufukweni alfajiri ni mahali pazuri pa kutembea, na akina mama wanaotembea pamoja hawakati tamaa haraka kama anayetembea peke yake.

Kijana Majengo:

Na muguka? Usiogope kusema, tunajua kaunti ilitangaza marufuku 2024 na mambo yakaenda kortini.

Muuguzi wa Kisiwani:

Siogopi, na siasa zake naziacha. Muguka na miraa ni mmea mmoja. Kwenye majarida ya tiba kuna wagonjwa walioelezwa kupata uvimbe wa ini baada ya kutafuna kwa muda mrefu, na wengine walipoacha ini lilitulia. Hilo peke yake lingenitosha. Ongeza na kinachouandama: soda ya kuua uchungu, peremende, bigijii, kukesha, na kutokula hadi jioni kisha mtu anajaza sahani. Mwenye mafuta kwenye ini asitafune. Nalisema nikiwa na wadogo zangu mtaani ambao nawapenda na wanatafuna.

Mpimaji Damu:

Niongeze kidogo kwa upande wa maabara. Mama mkwe, wazazi, wote waliopita miaka 65: ule mpaka wa 1.3 kwao ni mkali mno, kwa sababu umri wenyewe umo ndani ya hesabu. Kwao tumieni 2.0. Na chini ya miaka 35 hesabu hiyo haiaminiki sana. Pia usipime ukiwa na malaria au homa kali, chembe sahani hushuka na jibu linatisha bure.

Muuguzi wa Kisiwani:

Ahsante sana, hilo la malaria ni muhimu hapa kwetu.

Tuktuk Bamburi:

Chupa nimeiweka kando. Sasa kuna mtu ananiuzia sindano ya kupunguza unene, anasema ndiyo tiba mpya ya ini.

Muuguzi wa Kisiwani:

Nimefurahi kusikia la chupa, kakangu, kwa moyo wangu wote.

Sindano ya semaglutide ni dawa ya kweli. Marekani iliiidhinisha Agosti 2025 kwa watu ambao ini limevimba na lina makovu ya kati hadi mazito, kabla halijafikia kukunjamana. Kabla yake, Machi 2024, waliidhinisha kidonge kiitwacho resmetirom kwa kundi hilo hilo. Zote hutumika pamoja na chakula na mazoezi, chini ya daktari. Mtu mwenye mafuta tu bila makovu hazikuandikwa kwa ajili yake, ingawa mwenye kisukari au unene mkubwa anaweza kupewa semaglutide kwa sababu hiyo. Lakini sindano ya mkononi kwa mtu, isiyo na risiti wala friji, usiiguse. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutide bandia.

Metfomini ni dawa nzuri ya sukari lakini haitibu ini lenyewe. Vitamini E kwa dozi kubwa ina wagonjwa wake maalumu, si ya kujinunulia. Na wale mnaotumia dawa za kolesteroli za jamii ya statini, msiziache kwa hofu ya ini. Ni salama kwenu, na zinawalinda na kitu kinachowaua zaidi wenye ugonjwa huu, ambacho ni moyo. Ndiyo, moyo, kabla ya ini. Kwa hiyo presha na sukari zifuatwe, na sigara iachwe.

Mke wa Bandarini:

Dada, mwezi wa Ramadhani je? Mume wangu ana sukari pia, anatumia vidonge.

Muuguzi wa Kisiwani:

Aende kliniki wiki kadhaa kabla, vidonge vipangwe upya. Vingine vinaweza kuishusha sukari mno mchana, vingine havina shida. Kufunga kwenyewe hakuliumizi ini la mtu aliye imara, lakini mwenye ini lililokunjamana asifunge bila idhini ya daktari, kwa sababu kukaa muda mrefu bila chakula kunamla misuli. Kwenye futari, tende na maji, kisha uji usiokolezwa sukari, aswali, halafu ndiyo sahani. Viazi karai, sambusa na kaimati za kila siku ndizo zinazowafanya wengi wamalize mwezi wakiwa wameongezeka kilo.

Na kwa yeyote anayesoma: macho yakiwa manjano, tumbo likijaa maji, miguu ikivimba, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, usisubiri kliniki. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Bi Mkubwa wa Mtongwe:

Wanangu, mjukuu wangu amenifanyia hiyo hesabu kwa simu. Nina miaka 67 na nimepata 1.7. Sina sukari. Nilale?

Muuguzi wa Kisiwani:

Shikamoo mamangu. Lala. Kwa umri wako mpaka ni 2.0, nawe uko chini yake. Kwa kuwa huna sukari, rudia vipimo baada ya miaka 2 au 3. Ungekuwa na sukari ningesema mwaka 1 au 2. Mjukuu akuandikie namba zote nne kwenye kitabu chako cha kliniki, pamoja na tarehe, ili daktari atakayekuona baadaye awe na cha kulinganisha.